Mwaka mmoja na mikanda minne ya kufungia kiti cha magurudumu garini

Ningeweza kuhamia siti ya gari, ningehama, maana hakuna njia salama kuliko hiyo. Mgongo wangu haukubali. Kwa hiyo nasafiri nimekaa kwenye kiti changu cha magurudumu, ndani ya gari la shemeji, uso ukielekea mbele, na mwaka umetimia tangu tununue seti hii: mikanda miwili ya mbele na miwili ya nyuma ya kufungia kiti, pamoja na mkanda wa kumfunga mtu, wa nyonga na bega.

Nianze na aibu yetu. Safari ya kwanza shemeji alinasa kulabu za nyuma kwenye magurudumu, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na mkono wake. Alipokanyaga breki ya ghafla, magurudumu yakajizungusha, mikanda ikalegea, kiti kikasogea mbele kama kiganja kizima. "Shemeji, uko salama?" Salama nilikuwa, ila nimeng'ang'ania siti ya mbele kwa mikono miwili.

Mikanda haikuwa na kosa. Kulabu hunaswa kwenye fremu, pale vyuma vilipochomelewa au kufungwa bolti imara. Kikanyagio cha miguu, egemeo la mkono na kitu chochote kinachochomoka, hapana. Viti vilivyotengenezwa kwa ajili ya safari za gari huwa na alama ya ndoano kwenye sehemu 4 za kunasia. Changu cha zamani hakina, kwa hiyo tulizitafuta wenyewe nikazizungushia utepe mwekundu, anayenifunga asibahatishe. Najua utepe haukigeuzi kuwa kiti kilichojaribiwa.

Tangu siku hiyo hakijacheza. Mikanda ya nyuma hujivuta yenyewe, trrr, ikakaza. Nikijitikisa kwa makusudi, gari ndilo linatikisika. Ya mbele hukazwa kwa mkono na inachosha. Mchanga ukiingia kwenye reli za sakafuni, ambamo mikanda hushikizwa kwa chini, ncha zake hazikai sawa, basi mswaki wa zamani tunao humo garini.

Ninapokwazika ni kwenye mkanda wa mtu. Wa nyonga unatakiwa ukae chini, juu ya mifupa na si tumboni, upite ndani ya egemeo la mkono. Wa kwangu ulikuwa mfupi mno kufika huko, tukaagiza kipande cha kuongezea kutoka kwa watengenezaji walewale. Na ule wa bega ulinikata shingoni mpaka fundi alipoinua kishikilio chake ukutani.

Wapo wanaoona hilo ni jambo dogo. Niliwahi kupanda gari la kukodi lenye mikanda minne kama hii. Dereva akafunga kiti, akapangusa mikono, akasema mkanda wa kiti changu chenyewe unatosha. Ule ni wa kunikalisha wima, umeshikizwa kwa velkro! Kijitabu cha seti yangu kinasema imejaribiwa kwa kiwango cha ISO 10542, yaani kugongeshwa kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Velkro haina la kufanya hapo: kiti kingebaki kimefungwa vizuri sana, mimi nimeshafika kwenye kioo cha mbele. Nilimgomea mpaka akautoa mkanda wa bega chini ya siti yake, ukiwa bado kwenye nailoni.

Nyota 4. Ya tano wangeipata kama kipande cha kuongezea kingekuwa ndani ya boksi.