Kituo cha hali ya hewa nyumbani: kilichonilipa ni kijiko cha mvua

Nina mwaka na miezi kadhaa natumia kituo kidogo cha hali ya hewa hapa nyumbani Sakina, Arusha. Nilikinunua kwa ajili ya bustani tu. Koki yangu ya umeme ilikuwa inafuata saa, na siku moja jirani alinikuta namwagilia chainizi katikati ya mvua. Mpaka leo hajaacha kunitania.

Kuunganisha hakukunisumbua. Kisanduku cha ndani kinapokea vipimo kutoka kwenye nguzo ya vipimo iliyoko nje, kinavipeleka kwa waifai hadi kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, basi. Bando likiisha, nyumba inaendelea na kazi zake.

Kilichonitesa ni zile picha za utabiri kwenye skrini. Siku ya kwanza mgandamizo wa hewa ulisoma kama hektopaskali 860, wakati kawaida usawa wa bahari ni karibu 1,013, nikajua nimeuziwa kimeo. Kumbe Arusha tuko juu, karibu mita 1,400, ambako mgandamizo ni mdogo, na chombo lazima ukiambie mwinuko wako. Nikakirekebisha, bado kila alasiri kinachora wingu la mvua. Huku karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, mvua iwepo isiwepo. Chombo kikiona unashuka, kinadhani mvua inakuja. Nami nilikuwa nimeiagiza koki ifuate picha hiyo! Mboga zilikaa siku nne bila maji, Septemba yote ile na jua lake. Picha hizo ziache zipambe sebule.

Kipimo cha mvua ndicho kilichorudisha hela yangu. Ndani kuna kijiko kinachopinduka kila kinapojaa, na mipinduko ndiyo inayohesabiwa. Hata hapo nilikosea mwanzoni: niliandika amri kwamba mvua ikinyesha, koki ifungwe. Julai manyunyu yanalowesha majani tu, udongo chini mkavu, na koki imefungwa. Sasa amri inaangalia jumla ya saa 24 zilizopita. Ikifika milimita 5, hakuna kumwagilia. Ikipungua, maji yanafunguka saa 12 asubuhi.

Hesabu hiyohiyo nimeihamishia kwenye simtanki. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa langu la mita za mraba 90 likipata milimita 10 natarajia kama lita 900, ukiacha zinazopotea njiani. Maji ya kwanza baada ya kiangazi ni vumbi na kinyesi cha ndege; vali inayamwaga nje kwanza, ndipo inageuzia kwenye tanki.

Hita ya maji ya sola nayo inasikiliza sensa ya mwanga: jua la mchana likiwa hafifu, umeme unaisaidia kuanzia saa 11 jioni. Mama watoto anaipenda hii kuliko mengine yote.

Kasoro zipo. Novemba mvua ilipiga mabati usiku kucha na skrini ikasema 0.0, kwa sababu buibui alikuwa amefunga kijiko kwa utando. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi napanda ngazi na mswaki wa zamani. Sensa ya joto nayo niliifunga karibu na paa, feni ya sebuleni ikawa inawaka bila sababu hadi nilipoihamishia mbali na mabati.

Mwenye bajeti ndogo anunue kipimo cha mvua peke yake. Vile vikombe vya upepo sijavipatia kazi mpaka leo. Vinazunguka tu, watoto wanavitazama.