Fundi hakusoma namba: yaliyonikuta na mashine ya marehemu baba, Tanga

Imepita miezi kadhaa sasa na bado nikilikumbuka daftari lile damu inachemka. Jina la gereji silitaji. Wavuvi wa hapa Tanga wataijua tu, na asiyeijua akauliziwe pwani. Ninachosema ni hiki: kama una mashine ya zamani ya kupachika nyuma ya boti, na unaipenda, usiipeleke pale. Au ipeleke, lakini usibanduke mpaka imalizwe. Nitaeleza kwa nini nasema yote mawili.

Mashine yenyewe ni Johnson ya farasi 25, ya kuvuta kamba. Baba aliinunua ikiwa tayari imetumika, akaitunza kama mtoto wa mwisho. Kila ikitoka baharini aliichovya mguu, ile sehemu ya chini inayozama majini, ndani ya pipa la maji baridi, anaiwasha, anasimama pembeni na kanzu yake mpaka chumvi yote itoke. Sisi watoto tulitumwa kujaza lile pipa, na tulinung'unika sana. Mafuta alichanganya kwa kipimo, nusu lita ya oili ya boti kwa lita 25 za petroli, si kwa jicho kama wengi wafanyavyo. Akisikia mtu anatia oili ya pikipiki alikuwa anaondoka bila kuaga.

Sasa, mashine hii ukiiona huijui. Kofia imepakwa rangi ya boti mara tatu au nne, stika zimekwisha zamani, na kibati cha namba pale kwenye kishikizo cha nyuma ya boti kimeliwa na kutu. Lakini ubavuni mwa bloku kuna kifuniko kidogo cha chuma, cha duara, ukubwa wa sarafu. Kimegongwa namba ya modeli na namba ya mashine. Kibati huoza, kofia hubadilishwa, kifuniko kile hubaki. Baba alikisugua kwa brashi ya waya, akainakili namba kwenye daftari la shule, na chini yake akaandika neno moja la Kiingereza kwa herufi kubwa: INTRODUCES. Chini ya kila herufi akaweka tarakimu: I ni 1, N ni 2, T ni 3, hivyo hivyo mpaka E ni 9 na S ni 0. Herufi kumi, hakuna inayojirudia. Johnson na Evinrude, ndugu yake wa kampuni moja, za kuanzia 1980 mwaka wake umefichwa humo: unachukua herufi mbili zilizo kabla ya ile ya mwisho kwenye namba ya modeli. Yetu ni C na R. Yaani 84.

Hayo si mapambo. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza Johnson na Evinrude ilifilisika mwishoni mwa mwaka 2000, na Evinrude nayo ikaacha kutengenezwa 2020. Spea bado zinapatikana, ila zinaagizwa kwa namba. Bila namba unabahatisha.

Basi kusi lilipoanza kulegea nikaamua boti irudi majini. Mashine ilikuwa inawaka kwa shida na maji yanatoka kidogo. Wasiojua: mashine hizi zinapozwa na bahari yenyewe. Ndani ya mguu kuna pampu, na ndani ya pampu kuna impela, kijigurudumu cha mpira chenye mapezi. Inavuta maji, inayapandisha kichwani, mengine yanachuruzika nje kwa ubavuni. Wavuvi tunasema mashine inakojoa. Baba alikuwa na neno lake: "Mwanangu, mashine ikiacha kukojoa, zima kwanza, ndipo uulize."

Nikaipeleka gerejini na daftari mkononi. Nikamwambia fundi kwa heshima zote, "Shikamoo fundi, namba hizi hapa, impela iagizwe kwa hizi." Hakuitikia vizuri. Akaitazama kofia, akaigonga kwa kidole, akasema hii farasi 40. Nikamwambia samahani fundi, ni 25, soma hapa. Akacheka, akawatazama vijana wake, akasema: "Dada, haya si mambo ya jikoni. Mimi mashine hizi nazijua kwa sura."

Kisha akachukua plagi aliyokuwa ameitoa, nyeusi, inachuruzika oili, akaiweka juu ya daftari. Juu ya ukurasa wenyewe. Juu ya mwandiko wa baba.

Sikusema kitu. Najilaumu mpaka leo. Niliiondoa plagi, nikafuta kwa upindo wa mtandio, na doa likazidi kupanuka.

Alinipigia baada ya siku chache kwamba kazi imekwisha. Nikalipa nilichoambiwa, na kwa haki bei haikuwa mbaya. Tukaifunga kwenye boti, mimi na mjomba, ambaye ndiye nahodha wetu. Nilipanda mwenyewe. Ni pesa yangu, na ni mashine ya baba yangu. Ikawaka mvuto wa pili. Wa pili! Kwa miaka ilikuwa haijawaka hivyo. Kabureta ilikuwa imesafishwa safi kabisa, inanguruma taratibu haikohoi. Nikasema moyoni, nimemdhania vibaya yule mzee, ana mdomo mchafu lakini mkono anao. Kama ningeandika siku hiyo ningemsifu.

Tulikuwa tumeshakipita kisiwa cha Toten, tunaelekea upande wa kisiwa cha Ulenge, mjomba akageuka nyuma akanyamaza. Nikafuata macho yake. Mkojo wa mashine ulikuwa umebaki uzi. Kisha matone. Kisha hakuna. Harufu ya rangi inayoungua ikatufikia kabla hajaikata moto. Nikachota maji kiganjani nikayatupia kichwa cha mashine, yakachachatika kama kwenye kikaango.

Asiyewahi kukaa kwenye boti ya faiba yenye mashine iliyokufa, upepo unakusukuma pembeni, na una kafi moja, hajui tunachozungumza. Tulipiga kafi mpaka viganja vikachubuka. Tukaokolewa na ngalawa, ya tanga, ya vijana wawili wanaorudi na changu wao wachache. Wakatufunga kamba, wakatuvuta mpaka ufukweni na hawakutaka hata senti. Nasema wazi, Mungu awape.

Jioni ile mjomba akaufungua mguu. Impela ilikuwa ya mashine nyingine. Tundu la katikati liliukubali mhimili, kwa bahati yetu mbaya, lakini mapezi yalikuwa makubwa kuliko kikombe cha pampu. Kwa hiyo mtu alikaa chini, akashika wembe, akayapunguza moja baada ya jingine. Unaona kabisa njia ya wembe, huku limekatwa wima, huku limekwenda mshazari. Mawili yalikuwa yamekatika kabisa na kipande kimoja tulikikuta kimeziba bomba la maji yanayopanda juu. Wembe! Kazi ambayo maisha ya watu yamekalia juu yake, kwa wembe wa kunyolea.

Nikarudi na impela kwenye mfuko wa rambo. Fundi akaniambia ni mchanga wa bahari ndio umekula. Nikamwonyesha makali ya wembe. Akasema kama najua sana nitengeneze mwenyewe, na kufungua tena ni malipo mapya. Nilipaza sauti, nakiri. Watu wakajaa. Sijutii.

Sasa hapa ndipo ninapokwama, kwa sababu nataka kusema ukweli wote. Kuna kijana pale, mwanafunzi wake. Siku ile ya makelele alikuwa kimya, ananawa mikono kwa petroli. Kesho yake alfajiri nikamkuta ufukweni anamsubiri mjomba. Ndiye aliyesafisha ile kabureta, alisema, na impela hakuigusa. Akaomba aione mashine. Akatoa brashi ya waya mfukoni, akakisugua kile kifuniko cha duara mpaka kikang'aa, akasoma kwa sauti, mimi nikafuatisha kwenye daftari, doa na yote. Herufi kwa herufi, sawasawa. Akaomba nimweleze lile neno la herufi kumi. Nilimweleza, akaliandika mkononi kwa kalamu ya wino.

Tukaagiza impela Dar kwa namba, ikaja na basi. Akaifunga yeye, akaipaka grisi kidogo, akazungusha mhimili ili mapezi yalale upande mmoja. Akaitoa oili ya gia, akatuonyesha: ilikuwa nyeupe kama uji, maana yake maji yanaingia na sili, zile pete za kuzuia maji, zimechoka. Bosi wake aliufungua mguu huohuo na hakuliona hilo, au aliliona akaliacha. Kichwa kilisalimika, silinda hazikukwaruzika, kwa kuwa mjomba aliikata mapema.

Kwa hiyo niwaambieje? Kijana yule mpeni hata mashine ya ukumbusho wa babu yenu. Gereji ile ina vifaa, bei yake ni ya kibinadamu, na anayefanya kazi kwa uangalifu yumo. Nilikaribia kuandika kwamba nendeni, ila mwulizeni kijana. Lakini nikikumbuka plagi ile juu ya ukurasa, hapana. Mwenye gereji ndiye mwenye gereji. Mtu aliyeletewa namba mkononi akakataa kuisoma, kisha akashika wembe, mashine yangu haitafika tena kwake, na kijana nimeshamwambia siku atakayofungua banda lake hata chini ya mkungu, mimi ni mteja wa kwanza.

Daftari nililinyunyizia unga wa sembe usiku kucha ili unyonye oili. Ulinyonya kidogo. Doa limebaki, limelalia herufi ya C na nusu ya R. Ukiliinua kwenye mwanga bado zinasomeka.