Kibanda cha muvi za zamani Kariakoo: mzigo upo, ila folda la FAMILIA usiliamini

Wadau wanaoulizaga muvi za zamani zinapatikana wapi hapa Dar, nendeni Kariakoo, kuna kichochoro kinatokea Mtaa wa Aggrey, kibanda kipo katikati ya fundi simu na mama wa vitenge, hakina bango wala nini, kuna boksi tu limeandikwa kwa maka pen TUNAWEKA MUVI. Unaenda na flashi yako, unachagua, anakuwekea. Muvi moja jero, ukichukua kumi anakufanyia buku nne. Najua kuna watu watakuja na habari za hakimiliki, sawa, ila hizi ninazozungumzia hapa mjini hakuna duka linaziuza, na bongo muvi huyu mzee hakopi hata umbembeleze vipi, anakwambia nenda kanunue kwa mwenyewe.

Vibanda vingine ukienda ni siizoni za Kikorea na za Kituruki basi, ukimwambia dogo nataka Sholay, ile ya Kihindi, anakuuliza imetoka lini, ukisema 1975 anakuangalia kama umeomba hati ya kiwanja. Kwenye TV ndo usahau. Huyu mzee anayo, tena picha safi, na ana Bruce Lee zote, ana 36th Chamber of Shaolin ya 1978, ana kauboi kibao, ana mpaka zile zilizotolewa kwenye kanda za VHS zenye sauti ya Lufufu anatafsiri kwa Kiswahili, picha inachezacheza na rangi imekufa lakini nani anajali, sauti ndo tunaifuata pale. Kabla hujalipa anakufungulia kila muvi mwanzo, katikati na mwisho uone kama inafika. Na kama huna haraka atakupa stori za Empire na Avalon, na ile Drive-in ya Msasani, pale ambapo siku hizi ni ubalozi wa Marekani, jinsi watu walivyokua wanaenda na familia nzima na mahotpoti ya pilau. Mi hapo huwa nasahau kilichonileta.

Sasa tatizo. Kwenye laptop yake muvi mpya zenye damu kaziweka folda la 18+, halafu za zamani karibu zote kazitupia folda kaliandika FAMILIA. Yaani kigezo ni mwaka tu. Siku moja naperuzi humo nakutana na Straw Dogs, nikamwambia mzee, shikamoo, hii imeingiaje huku? Akasema marahaba kijana wangu, hiyo ya 1971 hiyo, enzi hizo hakukua na mambo ya ajabu, weka watoto waangalie.

Mzee wangu, hapana. Hiyo muvi kule Uingereza haikupata kibali cha video tangu 1984 mpaka 2002! Kisa ni sehemu ya mwanamke kubakwa, na mpaka leo ni ngumu kuitazama hata kwa mtu mzima. Na A Clockwork Orange ya mwaka huohuo nayo nimeikuta humohumo FAMILIA, ambayo Kubrick mwenyewe, aliyeiongoza, aliiondoa kwenye kumbi za Uingereza 1973 na haikurudi mpaka alipofariki 1999. Watu wa zamani hawakua wapole kihivyo, jamani.

Naelewa anapoipata hiyo imani lakini. Marekani mpaka 1968 walikua na ile kanuni ya maadili ya filamu, mtu akipigwa risasi anashika tumbo anaanguka, shati halina hata tundu. Ikaja Bonnie and Clyde 1967 ile ya mwisho wanavyomiminiwa risasi, mwaka uliofuata kanuni ikafutwa wakaleta madaraja ya umri, basi mlango ukawa wazi. Kwahiyo ukisema "ya zamani" inategemea zamani ipi, ya 1955 na ya 1971 ni dunia mbili tofauti na mzee kazichanganya folda moja.

Halafu kuna kitu nimekiona kwa watoto wa dada yangu. Hawa wanacheza Free Fire kutwa, John Wick wanaangalia huku wanakula na wanacheka. Nikawawekea Sholay, nikijua vizuri kilichomo. Ile sehemu jambazi Gabbar anaimaliza familia ya Thakur, yule polisi aliyemkamata, hamna damu ya maana pale, bembea inalia kwii kwii, mmoja mmoja wanaanguka taratibu, anabaki mtoto mdogo peke yake anamwangalia jambazi juu ya farasi, Gabbar ananyanyua bunduki, mlio, na hapohapo picha inakata inaingia treni. Mtoto hujaona akipigwa. Yule mkubwa aliyekua anajifanya haogopi kitu akashika mkono wa mama yake, mdogo akauliza kwani yule mtoto kafanya nini? Kwenye John Wick hajawahi kuuliza swali hilo hata mara moja, watu wanakufa mafungu kwa mafungu, nani ana muda wa kuuliza.

Na wale mnaosema Rambo Rambo, ile ya kwanza ya 1982 anakufa mtu mmoja tu, yule askari anayedondoka kwenye helikopta. Mmoja! Ifike Rambo III ya 1988 hata kuhesabu unachoka. Steringi ni yuleyule.

Kuna vitu pia zamani vilipita kawaida na sasa hivi havipiti. Steringi anamzaba mwanamke kofi ili atulie, halafu mwanamke anampenda zaidi, ukumbi mzima ulikua unashangilia, leo ukiweka hiyo sebuleni dada yangu anazima TV. Wanyama vilevile. Apocalypse Now ya 1979, yule nyati wa mwishoni anakatwa kweli, ilikua tambiko la wenyeji kule Ufilipino walipokua wanashuti, kamera ikachukua. Damu ya kutengeneza siku hizi tumeizoea, ila hilo linamkera hata mtu asiyefumba macho kwa kitu chochote. Ndo maana mi naona hatujawa wagumu wala walaini kuliko wazee wetu, tumehamisha tu mahali pa kufumba macho.

Kumtendea haki mzee, ndo kwake nilijua mwisho wa Sholay tuliozoea siyo wenyewe. Bodi ya ukaguzi ya India ilikataa Thakur amuue Gabbar, eti mtu aliyewahi kua polisi hawezi kujichukulia sheria mkononi, ndo ikapigwa upya polisi wanakuja kumkamata. Anazo zote mbili, hii ya mwisho wa asili ndo sauti yake imechoka kidogo. Nakala iliyosafishwa yenye mwisho huo ilionyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025, nimemwambia aitafute.

Kwa ujumla nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia mpaka apange upya lile folda, nimeshamwambia nitakuja kumsaidia jumapili moja, kasema njoo na chai. Mkienda nendeni asubuhi kabla ya saa nne, mchana hapapitiki na umeme ukikatika hana jenereta. Flashi iwe na nafasi maana Sholay peke yake ni zaidi ya masaa matatu, na kama TV yako ni ya zamani mwambie mapema akubadilishie fomati, hachaji.