Decoy Merlot: Lebo ya Pili ya Duckhorn, Inastahili Pesa Yako?

Habari zenu wadau, karibuni tena jikoni kwangu. Leo hatupiki, leo ni chupa ya waini. Kama hujatimiza miaka 21, sheria ya huku Marekani ndiyo hiyo, tuonane kwenye video ya pilau.

Haya, tazama hapa kwenye lebo. Unamwona huyu bata? Ni wa mbao. Wawindaji humwelesha majini, bata hai wakimwona wanadhani ni mwenzao, wanashuka. Ndiye anayeitwa Decoy. Na mwenye bata ni Duckhorn wa Napa, California, kampuni ya tangu 1976, iliyojijengea jina kwa Merlot, yaani waini nyekundu ya zabibu za jina hilohilo. Waini yao ya shamba la Three Palms inapita dola 100 chupa moja. Hii Decoy waliianzisha 1985 kama lebo ya pili, na mimi nimeipata kwa dola 19.

Lebo ya pili ni nini? Kule Bordeaux, Ufaransa, pipa la waini lisilofikia kiwango cha lebo kuu ya shamba halimwagwi. Linapewa jina jingine na bei ya chini. Zabibu za mizabibu michanga nazo huishia humo. Ila msije mkadhani hii ni masalia ya Three Palms, hapana! Someni: imeandikwa California, yaani jimbo zima, si Napa Valley peke yake. Zabibu zimetoka mashamba mengi. Hapa unalipia ufundi, shamba lenyewe hujalinunua.

Tuonje. Nainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe... katikati nzito, ukingoni inang'aa wekundu. Harufu: zambarau, zile zilizoiva mpaka zinadondoka zenyewe. Na vanila kwa mbali, hiyo ni kazi ya pipa la mwaloni. Mdomoni... mmh. Laini. Ukakasi upo, lakini ni wa chai ya rangi ya kawaida, si ile iliyosahauliwa jikoni. Zabibu ya Merlot ina ganda jembamba kuliko Cabernet, aina nyingine ya zabibu za waini nyekundu, na ukakasi mwingi unakaa kwenye ganda na mbegu. Tatizo ni mwishoni: ukishameza, ladha inaaga mapema. Kwa dola 19 sigombi.

Mara ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliiacha kwenye gari, joto la Houston mnalijua, nikainywa vuguvugu. Puani ikawa spiriti tupu. Sasa naiweka friji dakika 20 kabla ya kumimina. Barafu msitie jamani. Shemeji yangu alitia, nikanyamaza kwa heshima tu.

Kwa chakula, mbuzi wa kuchoma anakubali kabisa. Samaki wa kupaka, hapana. Tui la nazi na ukakasi huu havielewani.

Nitanunua tena? Ikiwa chini ya dola 20, hata chupa mbili. Ukiikuta imepanda mpaka 27, irudishe kwenye rafu, subiri wiki ya punguzo.