Tathmini ya “If-Then-Else”: Mashine Inayokataa Kuwahesabu Watu kama Kete

Sehemu ya 11 ya msimu wa nne wa tamthilia ya Person of Interest ilirushwa na kituo cha CBS cha Marekani tarehe 6 Januari 2015. Kila ninaposikia mtu akidai kwamba tamthilia za wapambana na uhalifu wanaotumia mitambo ya kisasa hazina lolote zaidi ya risasi na vioo vya kompyuta, hii ndiyo ninayomwomba aitazame. Imeandikwa na Denise Thé na kuongozwa na Chris Fisher. Haifiki dakika 45, na sehemu kubwa ya yale tunayoyaona katika dakika hizo hayatokei kamwe. Tathmini hii inafichua kisa chote pamoja na mwisho wake, kwa kuwa haiwezekani kueleza ubora wa sehemu hii bila kuugusa mwisho huo. Asiyetaka kuharibiwa utamu aitazame kwanza.

Kwa asiyeifahamu tamthilia yenyewe, iliyobuniwa na Jonathan Nolan na kuonyeshwa kuanzia 2011 hadi 2016, msingi wake ni huu. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Harold Finch anaiundia serikali ya Marekani mfumo unaosikiliza simu zote na kutazama kupitia kamera zote ili kuwatambua magaidi kabla hawajatenda. Mfumo huo, unaoitwa Mashine, unaona pia mauaji ya watu wa kawaida, ambayo serikali haioni haja ya kushughulika nayo. Finch anamtafuta John Reese, askari wa zamani aliyefanya kazi katika shirika la ujasusi la CIA, na wawili hao wanaanza kuwaokoa wale waliopuuzwa. Kufikia msimu wa nne kikundi kimekua, na juu yao imesimama akili mnemba nyingine, Samaritan, yenye nguvu kuliko Mashine na isiyojali uhai wa mtu mmoja mmoja.

Katika sehemu hii Samaritan inaanza kuliporomosha soko la hisa la New York. Finch, Reese, mpelelezi wa polisi Lionel Fusco na mdukuzi Root wanaingia chini ya jengo la soko hilo ili kupandisha programu itakayozuia anguko. Wanabanwa katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, maadui wakiwa wamewazunguka na risasi zikipasua kuta. Mashine ina sekunde chache tu za kuwaambia wapite wapi. Hapo ndipo hadithi inaposimama na kuanza upya.

Hadithi inaanza upya kwa sababu Mashine, kabla ya kusema neno, inaijaribu kila njia ndani ya akili yake. Sisi watazamaji hatuambiwi hilo mapema. Tunawaona wanne hao wakigawanyika, wakipambana, wakitaniana, kisha Finch anapigwa risasi na kufa, na kwa muda mfupi tunaamini kwamba tamthilia imemuua mhusika wake mkuu bila onyo. Saa ya Mashine inarudi nyuma, chumba kinakuwa kilekile, na njia nyingine inajaribiwa, ambayo safari hii inamgharimu Reese. Mchezaji stadi wa bao huyapitia mashimo yote kwa macho kabla hajagusa kete hata moja. Mashine inafanya vivyo hivyo, tofauti ikiwa kwamba kila hesabu yake inakuja na sura na sauti ya mtu inayemfahamu.

Mbinu ya kurudia tukio lilelile si ngeni katika filamu, na kwa kawaida hutumiwa ili mtazamaji afurahie tofauti ndogondogo. Tofauti hizo zipo na zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa: nani anatoka na nani, nani anasema nini kuhusu picha ya mchoraji Mfaransa Degas iliyotundikwa katika chumba kile, na risasi ya kwanza inatoka upande upi. Uzito wa marudio haya, hata hivyo, unatoka kwingine. Tunachokitazama ni mawazo ya Mashine. Maneno ambayo wahusika wanatamka katika majaribio hayo yametungwa na Mashine kutokana na namna inavyowafahamu. Root anapompigia simu mwenzake Sameen Shaw katikati ya mapigano na kuanza kumzungumzia habari ya mapenzi yao, na Shaw, ambaye kwa tabia yake haonyeshi hisia, hatimaye akakubali kwamba labda siku moja itawezekana, mazungumzo hayo hayajatokea. Mashine ndiyo iliyoyawaza. Chombo kisicho na mwili, huku kikiwa na sekunde chache za kuokoa maisha ya watu wanne, kinatenga sehemu ya muda wake ili kumpa mmoja wao jibu alilokuwa akilitamani kwa muda mrefu. Sijui tamthilia nyingine iliyowahi kuonyesha upendo wa mtambo kwa binadamu kwa njia ya wazi kiasi hicho bila kuutamka.

Kisha linakuja jaribio ambalo mashabiki wengi hulikumbuka kwanza. Muda umekaribia kwisha, na Mashine inalazimika kupunguza kazi, hivyo inaacha kutunga mazungumzo na kubakiza aina ya mazungumzo tu. Kila mhusika, badala ya kusema maneno yake ya kawaida, anatamka maelezo ya jambo ambalo angelisema: Reese anatangaza kwa sauti ileile ya utulivu kwamba anatoa onyo la kutisha, na Fusco anatangaza kwamba anauliza swali la kujidharau kuhusu muda unaohitajika kuuingilia mfumo. Inachekesha mno, na waigizaji wote wanne wanaicheza bila kukonyeza jicho, kana kwamba hayo ndiyo mazungumzo ya kila siku. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara huona zaidi jinsi mwandishi alivyowajua wahusika wake, kwa maana tabia iliyoweza kufupishwa kwa sentensi moja na bado ikatambulika papo hapo ni tabia iliyojengwa kwa miaka. Kicheko hicho kina kazi nyingine pia: kinatulegeza kabla ya pigo.

Katikati ya majaribio, sehemu inatumia kisengerenyuma kuturudisha 2003, pale Finch anapoifundisha Mashine sataranji. Ni matukio mafupi na tulivu, yasiyo na silaha, na kwangu ndiyo moyo wa sehemu hii. Mwanzoni Mashine inakwama kwenye hatua yake ya kwanza kabisa, kwani michezo inayoweza kutokana na hatua hiyo ni mingi kuliko atomu za ulimwengu. Finch anaifundisha kwamba wingi huo usiitie woga, kwa kuwa hatua mbaya ikichezwa bado zimebaki hatua nyingine za kuirekebisha. Baadaye Mashine inakuwa hodari hata inaweza kumtoa malkia wake kafara ili ishinde. Mwalimu mwingine angefurahia ustadi huo. Finch anaanza kuhofu, naye anaieleza Mashine kwa nini haupendi mchezo wenyewe: ulizaliwa katika zama za ukatili, watu walipoamini kwamba wengine wana thamani kuliko wenzao, wafalme upande mmoja na askari wa kutupwa upande mwingine. Anaiambia kwamba binadamu si kete, na kwamba anayeutazama ulimwengu kama sataranji anastahili kushindwa.

Michael Emerson, anayemwigiza Finch, anayasema hayo akiwa ameketi mbele ya ubao wa sataranji, akizungumza na kiumbe tusichokiona, na uso wake una hofu ya mzazi aliyegundua kwamba mwanawe amekuwa na akili kabla hajawa na huruma. Hapo nilielewa ni kwa nini majaribio yale yalikuwa mengi kiasi kile. Akili inayotafuta ushindi tu ingelimaliza kazi mapema: kazi ya soko la hisa ingeweza kufanikiwa kwa gharama ya mtu mmoja, na Samaritan isingesita kulipa gharama hiyo. Mashine inaendelea kutafuta njia ambayo hakuna hata mmoja anayepotea, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyofundishwa miaka 12 iliyotangulia. Mwishoni, muda unapokwisha, inalazimika kuchagua njia yenye uwezekano wa kufaulu wa asilimia 2.07 tu. Ukiona tarakimu hiyo ikijitokeza kwenye kioo, utafahamu kwamba njia zote zilizobaki zilikuwa mbaya zaidi.

Njia hiyo inawafikisha wote kwenye lifti, na lifti haiondoki. Shaw, ambaye alikuwa amekwama ndani ya treni ya chini ya ardhi pamoja na mtu aliyejifunga mabomu, anawafikia na kuwapa nafasi ya kupumua, lakini kitufe cha kuiruhusu lifti iondoke kiko ng’ambo ya ukumbi, na lazima mtu atoke akakibonyeze. Shaw anambusu Root, anamsukumia ndani, anafunga wavu wa lifti na kukimbia. Anakibonyeza. Anapigwa risasi. Root anapiga kelele huku Fusco akimshikilia, milango inajifunga Martine, muuaji anayeitumikia Samaritan, akiwa amesimama juu ya Shaw na bastola, kioo kinakuwa cheusi, na mlio mmoja unasikika.

Mtazamaji anaweza kulalamika kwamba somo lote la Finch limepotea bure, kwa kuwa mtu ametolewa kafara hata hivyo. Mimi nasimama upande wa pili. Finch aliikataza Mashine kumtoa mtu kafara, na Mashine ilitii kwa gharama ya kila sekunde iliyokuwa nayo. Aliyetoka kwenye lifti alitoka kwa hiari yake. Tofauti kati ya anayetumwa kufa na anayechagua kubaki nyuma ili wenzake waondoke imeonyeshwa hapa kwa picha, bila hotuba, na ndiyo inayokifanya kifo kile kinachodhaniwa kiumize kwa namna yake.

Sarah Shahi, anayemwigiza Shaw, alikuwa mjamzito wakati huo na alilazimika kuondoka kwa muda. Waandishi wengi wangempeleka mhusika kama huyo safarini na kumsahau, lakini hawa waliigeuza haja ya kiofisi kuwa tukio lililoitikisa tamthilia hadi msimu wa tano. Amy Acker, kama Root, anabeba uzito wa dakika ya mwisho kwa sauti yake peke yake. Kevin Chapman naye anastahili sifa ambazo hapewi mara kwa mara, kwani Fusco wake ndiye mtu wa kawaida kati ya mahodari, asiyejua hata kwamba Mashine ipo, na hofu yake inatupa kipimo cha hatari. Muziki wa Ramin Djawadi, mtunzi aliyeandika pia ule wa tamthilia ya Game of Thrones, unajua kunyamaza.

Zipo kasoro. Mkasa wa mtu wa mabomu ndani ya treni umeandikwa kwa haraka: yupo ili kumchelewesha Shaw, na sehemu haipati nafasi ya kumjali kama tamthilia hii inavyowajali kwa kawaida watu walioanguka. Maadui wa pembeni ni wale wale wa tamthilia za CBS, wanaofyatua risasi kwa wingi na kukosa kwa wingi, na Martine, anayeigizwa na Cara Buono, anapewa ukatili mwingi na undani mdogo. Hayo yananisumbua zaidi katika sehemu hii kuliko nyinginezo, kwa kuwa yote yanayoyazunguka yamepimwa kwa ukamilifu.

Tishio la soko la hisa limepita haraka pia, ingawa hapo ninawaelewa. Tarehe 6 Mei 2010 soko la Marekani lilianguka kweli kwa dakika chache, kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kikishuka kwa takriban pointi 1,000 na kurejesha sehemu kubwa ya hasara hiyo muda mfupi baadaye, huku programu zinazonunua na kuuza kwa kasi kuliko fikra ya binadamu zikishiriki katika mporomoko huo. Samaritan inafanya kwa makusudi jambo ambalo mitambo ya kawaida ilishachangia kulitokeza. Mtazamaji wa Marekani mwaka 2015 hakuhitaji kuelezwa, lakini wa leo anaweza kujiuliza kwa nini wahusika wahatarishe maisha yao kwa ajili ya hisa, na sentensi mbili zaidi zingetosha kumwonyesha akiba za watu zinazoyeyuka.

Namna Mashine inavyotazama imetumika vizuri kuliko katika sehemu yoyote nyingine. Tangu msimu wa kwanza tumezoea visanduku vinavyomzingira kila mtu kwenye picha za kamera, vyeupe kwa watu wa kawaida na vya njano kwa wanaoijua Mashine. Hapa picha hizo zinaacha kuwa kiungo kati ya onyesho na onyesho, zinakuwa hadithi yenyewe, na mhariri anastahili heshima kwa jinsi hatupotei hata mara moja kati ya kilichowazwa na kilichotokea.

Sipendekezi kuianza tamthilia kwa sehemu hii, kwa sababu jaribio lile la maelezo halitachekesha na lifti ile haitaumiza kwa mtu asiyewajua wahusika. Mwenye subira aanze msimu wa kwanza, asikatishwe tamaa na sehemu zake za awali zinazofuata mtindo mmoja. Mwenye muda mchache aanzie katikati ya msimu wa pili, katika sehemu ya “Relevance” inayomtambulisha Shaw, kisha aendelee msimu wa tatu wote bila kuruka. Akifika hapa aitazame pamoja na “The Cold War” inayoitangulia na “Control-Alt-Delete” inayoifuata, kwa kuwa zimetungwa ziende pamoja. Watoto wadogo wasiwepo, maana damu ipo na mwisho wake ni mzito.