Karatasi ya "haba na haba": nyota moja kwa mazoezi ya kupandisha

Karatasi yenyewe inapendeza macho. Tembea dakika tano leo, wiki ijayo saba, kisha kumi. Ukifika nusu saa mara tano kwa wiki, anza kuongeza kasi. Chini yake sharti moja: ukijihisi vibaya usiache, mwili unazoea. Mtu wa Malindi au Lamu anayelalamika miezi na miezi kwamba hana nguvu anaweza kupewa karatasi ya namna hii na mtaalamu wa viungo au mkufunzi wa jimu. Jamaa nyumbani huipokea kwa furaha, maana inasema wanachokijua tangu utotoni: haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaipa nyota moja kati ya tano. Kibaba cha mgonjwa wa uchovu sugu kina tundu, na waliotuhakikishia kwamba kinajaa walibadilisha kibaba katikati ya kupima.

Tuanze na tundu. Ugonjwa huu, unaoandikwa ME/CFS kwenye faili za hospitali, si uchovu wa kazi wala uvivu. Taasisi ya Tiba ya Marekani iliuwekea vigezo mwaka 2015: uwezo wa kufanya shughuli uwe umeshuka sana kwa zaidi ya miezi sita, usingizi usiburudishe, mtu azidiwe baada ya kujitumia, na pamoja na hayo akili iwe nzito au hali iharibike akisimama. Hilo la kuzidiwa ndilo linaloivunja karatasi. Mgonjwa huenda sokoni Jumatatu asubuhi akarudi salama. Kinachomwangusha huja Jumanne au Jumatano, kwa kawaida saa 12 hadi 48 baadaye: koo linawasha, misuli inauma, mwanga haustahimiliki, maneno yanapotea mdomoni. Hali hiyo hukaa siku, pengine wiki. Karatasi inauliza "ulijisikiaje wakati wa zoezi?", mgonjwa anajibu "vizuri", dakika zinaongezwa, naye anakopa tena kabla deni la kwanza halijalipwa.

Sasa kibaba. Karatasi za aina hii zilipata heshima kutokana na jaribio la PACE la Uingereza, lililochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011. Lilikuwa na wagonjwa 641 katika makundi manne, yakiwemo la mazoezi, la tiba ya mazungumzo na la huduma ya kawaida tu, na liligharimu takriban pauni milioni 5. Sehemu ya fedha ilitoka kwa wizara ya kazi na pensheni, ile ile inayolipa posho za wasioweza kufanya kazi; msomaji na aamue mwenyewe uzito wa jambo hilo.

Tazama namba. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa alama za 0 hadi 100, na aliyeruhusiwa kuingia kama mgonjwa ni mwenye alama 65 kushuka chini. Mpango wa awali ulisema aliyepona lazima afike 85. Jaribio likiwa limeshaanza, kizingiti hicho kikateremshwa hadi 60. Yaani mtu angeweza kuingia na 65, akazorota mpaka 60, na kwa kipimo hicho akahesabiwa kuwa amefika. Asilimia 13 ya washiriki walikuwa wameshavuka kizingiti cha uchovu au cha uwezo wa mwili siku ya kwanza, kabla ya kupewa tiba yoyote. Mchuuzi wa samaki akibadilisha jiwe la mizani baada ya changu kuwekwa, mteja hamwachi aondoke. Hapa mizani ilibadilishwa, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba asilimia 22 ya waliofanya mazoezi walipona, dhidi ya asilimia 7 ya waliopata huduma ya kawaida tu.

Waliogundua kasoro hii mapema ni wagonjwa wenyewe, baadhi wakisoma majedwali wakiwa kitandani. Mmoja wao, Alem Matthees wa Australia, aliomba data ghafi mwaka 2014. Chuo kikuu cha Queen Mary cha London kikakataa, na Agosti 2016 baraza la rufaa likakiamuru kuzitoa. Zilipohesabiwa upya kwa kizingiti cha awali, waliopona walikuwa asilimia 4 kwenye mazoezi, 7 kwenye tiba ya mazungumzo, 3 kwenye huduma ya kawaida. Tofauti hizo ni ndogo mno kuweza kutenganishwa na bahati.

Kasoro nyingine haihitaji hesabu. Kila mshiriki alijua yuko kundi gani, na matokeo makuu yalitokana na majibu yake mwenyewe kwenye fomu. Ukimfundisha mtu kwa wiki kadhaa kwamba dalili zake si za kuogopwa, kisha ukamuuliza dalili zikoje, utapata jibu ulilolipanda. Vifaa vya kuvaa vya kupima mwendo vilitumika mwanzoni, lakini mwishoni havikutumika tena. Kipimo cha kutembea dakika sita kilibaki: waliofanya mazoezi walitoka wastani wa mita 312 hadi 379 kwa mwaka mzima. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupita mita 500.

Marekani, kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliacha kupendekeza mazoezi haya mwaka 2017. Oktoba 2021 NICE, shirika la Uingereza linaloandika miongozo ya tiba, likaagiza yasitolewe kwa wagonjwa hawa, baada ya kuuweka ushahidi wake kwenye daraja la chini au la chini sana. Tiba ya mazungumzo ilibaki kama msaada wa kuishi na ugonjwa, si dawa ya kuuponya. Kwa kazi hiyo ndogo tunaipa nyota tatu.

Nyota moja ya karatasi inatoka wapi, basi? Inawafaa wengine. Aliyedhoofika kwa kulala na malaria, au mwenye kisukari anayetakiwa kutembea, ataifaidi. Ndiyo maana mtu asijibandike jina la ME/CFS kabla ya kupima wingi wa damu, tezi ya shingo, sukari, kifua kikuu, VVU, kichocho na ini. Na mpimaji aulize pia maradhi ya virusi yaliyopita. Mwaka 2004 chikungunya iliikumba Lamu, na uchunguzi wa damu uliofuata ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameambukizwa. Homa hiyo huacha maumivu ya viungo na uchovu wa muda mrefu kwa baadhi ya watu, na UVIKO nao una mkia wake.

Ukishaipata karatasi, usiitupe. Kata safu ya "ongeza" kwa kalamu, andika mahali pake "saa 48 baadaye". Kila jioni jaza ulichofanya, kuoga na kupokea wageni vikiwemo, na siku ya pili na ya tatu urudi uandike hali. Wiki mbili zinatosha kuonyesha mstari. Kisha punguza shughuli mpaka mporomoko usije, na ubaki hapo hata siku unayojihisi shujaa. Siku hizo ndizo zinazoangusha watu.

Kipimo cha kujua kama hali huharibika ukisimama kinafanyika nyumbani. Lala dakika kumi, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika. Simama ukiegemea ukuta kwa mabega, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, hesabu kila dakika hadi kumi. Mtu mwingine akae karibu, na ukianza kuzirai, keti. Mapigo yakipanda 30 au zaidi kwa mtu mzima, mpelekee daktari jedwali hilo. Usijiongezee chumvi kabla ya presha kupimwa.

Saa ya mkononi ya kupima mapigo tunaipa nyota nne. Kanuni inayotumiwa na wengi ni mapigo ya kupumzika kuongeza 15: wa 70 asizidi 85 kwa muda mrefu. Kwa jua la Malindi wakati wa kaskazi, jasho hulegeza mkanda na saa husoma uongo. Ivute juu kidogo ya kifundo, ikaze, na mara moja kwa siku uilinganishe na hesabu ya vidole, sekunde 30 mara mbili. Mwenye kutumia dawa za kupunguza mapigo asiitegemee. Imenyimwa nyota moja kwa sababu haioni kazi ya akili: saa mbili za maongezi barazani zinaweza kumwangusha mtu bila mapigo kupanda.

Kwenye nyumba za mawe za Lamu, ngazi ndizo adui wa kwanza. Hamisha kitanda chini, weka kigoda jikoni na kingine bafuni, ndoo zijazwe na mwingine. Sala ya kukaa ina ruhusa kwa asiyeweza kusimama. Safari ya Mokowe, gati la upande wa bara, ipangwe maji yakiwa yamejaa, maana yakikupwa, vidaraja vya gati vinavyobaki kupandwa ni vingi na vina utelezi, na siku mbili za kulala baada yake ziwekwe kwenye kalenda kabla ya nauli kulipwa.