TAHADHARI: Muuza sola anayetuma skrinshoti za grafu, mimi kashanipiga

Wakuu habari zenu, naandika hii kabla mwingine hajatoa hela. Kuna jamaa anafunga sola za nyumbani, anajitangaza wasap, anakuja mpaka saiti anapima na anaongea kwa upole, mimi niko huku Mkuranga nikampa milioni 4 na laki 2 kwa paneli 6 alizosema ni wati 400 kila moja, na inveta (ile inayogeuza umeme wa sola uwe wa kutumia nyumbani), na betri ya lithiamu. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hakutoa, alisema mashine mbovu ataleta kesho.

Kilichonimaliza ni grafu ya umeme ya kwenye apu ya inveta. Alinitumia skrinshoti akasema ni ya mteja wake, wati 2,300 zinafika, uniti 20 kwa siku, nikaona mlima ule nikaamini. Baadaye ndo nimeitazama vizuri, saa mbili usiku mstari bado uko wati 600! Jua limezama zaidi ya saa nzima iliyopita. Ule haukuwa mstari wa sola, ulikuwa wa matumizi ya nyumba. Kwenye apu ya inveta kuna mistari kadhaa, sola, betri, matumizi, na Tanesco kama umeunganisha, wa sola unaanza kupanda saa 12 na nusu asubuhi hivi, kwa huku pwani kilele ni kama saa 6 na nusu mchana, jioni saa 12 na nusu uko sifuri. Ukiona tofauti na hapo muulize anakuonyesha nini.

Na hizo uniti 20 piga hesabu, paneli 6 za wati 400 ni kilowati 2.4, mara masaa 5 ya jua zuri ni uniti 12, utoe joto la paneli na upotevu wa nyaya na inveta unabaki na 9 hivi.

Sasa sola yangu ilikuwa inafika wati 1,180 tu. Nikimpigia anasema mawingu, mara vumbi. Mawingu yanafanya grafu iwe na meno meno, inashuka inapanda, yangu ni mlima laini kabisa ila mfupi. Akasema tena betri imejaa, na hilo ni kweli linatokea, betri ikijaa inveta inapunguza sola hata jua liwe kali, hapo usimlaumu fundi. Ndo maana nilipima betri ikiwa asilimia 40, saa 6 mchana, mbingu haina wingu, nikawasha pasi na birika la umeme kwa pamoja. 1,180 ile ile. Paneli nzima haitoi wati zote za kwenye stika maana stika inapimwa na selo (vile vipande vya ndani ya paneli) zikiwa nyuzi 25, juu ya bati letu zinachemka, lakini robo tatu au zaidi unapata, siyo nusu.

Nikachukua tepu nikapanda juu. Mita 1.65 kwa 0.99, yaani mita za mraba 1.6 hivi. Ukubwa huo ni wa paneli za wati 250 za zamani, ya 400 inakaribia mita za mraba 2. Nikakwangua kona ya stika kwa ukucha, chini kuna stika nyingine, inasomeka 250W.

Kwa hiyo kama kuna mtu anakutumia skrinshoti, mwambie afungue apu mbele yako, siku ya leo, mstari wa sola peke yake, na paneli zipimwe kwa tepu zikiwa bado chini. Mimi nimeshapeleka malalamiko FCC (Tume ya Ushindani) na picha za stika zote mbili, simu zangu hapokei tena.